Mizani ya Chumba cha Nyuma

Katika nyumba ile ya Tyseley, Birmingham, hakuna mtu aliyebamiza mlango. Hata mimi, niliyezoea vyumba vya kupanga ambako kila mtu anafunga mlango kana kwamba amegombana nao, nilijifunza kuusindikiza kwa mkono mpaka kitasa kiingie mahali pake. Sababu ilikuwa mizani. Ilikuwa mizani ya kidijitali, ndogo, ungeweza kuifunika kwa kiganja. Ina kisahani cha chuma juu na kioo cha namba mbele. Ilikaa chumba cha nyuma, juu ya kipande cha jiwe kilichobaki kwa jirani aliyebadilisha jiko lake, na jiwe lilikaa juu ya meza nzito ya mbao. Hapo ndipo mwenye nyumba wangu alipokuwa akipima baruti.

Nasema baruti na najua msomaji atashtuka. Na mimi nilishtuka, siku ya kwanza nilipoonyeshwa nyumba nikiwa bado na begi begani. Kumbe mzee alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Alikuwa na kibali cha polisi, na bunduki zake zilifungiwa ndani ya kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa bolti. Kama wenzake wengi wa klabu, alijitengenezea risasi mwenyewe: anachukua maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anayajaza upya. Kila ganda lina haki ya baruti yake, na baruti hiyo inapimwa kwa kipimo wanachokiita greni, kidogo hivi kwamba gramu moja tu inazo greni kumi na tano na ushei. Yeye alikuwa akigombana na sehemu ya kumi ya greni moja.

Mbele yake nilimwita Mzee. Moyoni nilimwita Mwenye Nyumba, na ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu asingependa jina lake litembee. Mimi ni mtu wa Tanga niliyehama miji mingi, na katika miji yote nimekuwa na wenye nyumba. Huyu ndiye niliyemkumbuka kila nilipofungua mlango wa mtu mwingine.

Siku ya kupima ilikuwa Jumapili, baada ya chai. Kwanza alizima kipasha joto, maana hewa ya moto inapanda na hewa inayopanda inainua kisahani. Kisha alifunga dirisha. Simu aliitoa mfukoni akaiacha ukumbini ndani ya kofia yake. Halafu aliwasha mizani na kuiacha bila kuigusa, akanywa kahawa yake amesimama, anaitazama kama mtu anayengoja mgeni aamke.

"Mbona huanzi?" nilimuuliza siku moja.

"Haijapata akili. Wewe ukiamshwa sasa hivi ukaulizwa hesabu utajibu?"

Ilipopata akili, alifungua kiboksi cha mbao chenye kijiwe cha shaba cha kuijaribia, akakiinua kwa kikoleo chembamba kama cha kung'olea nyusi.

"Si ukishike kwa vidole tu, Mzee."

"Vidole vina mafuta. Mafuta yana uzito. Na wewe umekula sambusa, usikaribie."

Hapo tena alianza. Alimimina baruti kwenye kisahani kwa kijiko mpaka karibu na kipimo, kisha akazungusha kijibomba fulani ili punje zidondoke mojamoja. Punje moja, anatazama namba. Punje nyingine, anatazama tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemnywesha mtoto mgonjwa dawa.

Lakini nyumba ile iko jirani na depo ya treni, na barabara yake inapitwa na malori yanayopeleka takataka kiwandani zikachomwe. Treni ikipita, namba kwenye kioo zilicheza, zikapanda, zikashuka, hazijui zisimame wapi. Mwenye Nyumba aliacha mkono hewani na kijiko chake.

"Mpishe," alisema. "Mpishe mkubwa apite."

Treni ikaisha, namba zikatulia, mkono ukaendelea na safari yake. Alizijua treni zote kwa namna zilivyoitikisa mizani. Ile ndefu ilizichezesha namba pole pole; ile fupi ilizirusha. Ukimuuliza saa ngapi treni ya mjini inapita hakujua, maana saa yake ya mkononi ilikuwa imekufa na hakuona haja ya kuifufua.

Neno lile, mpishe, alilitumia kwa mambo yote ya dunia. Mlevi mmoja alimtukania rangi yake Kings Heath, kwenye mtaa wenye maduka, watu wamejaa. Mimi damu ilinichemka. Yeye alinishika kiwiko, akanisogeza pembeni mwa njia. "Mpishe. Huyo ni lori la taka." Bosi wangu akinipunja zamu, mpishe. Jua la Birmingham likikataa kutoka wiki nzima, mpishe. Mkewe tu ndiye hakuambiwa neno hilo, labda kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kupishwa. Alikuwa anapita mwenyewe.

Nisikufanye ufikiri alikuwa mtu wa vipimo katika kila jambo. Chumvi aliitia kwa kiganja, na pilau lake lililiwa kwa heshima tu. Harusini alifika watu wanapofungiwa vyakula. Msikitini alisali safu ya mwisho, karibu na viatu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki. Na mtu yule mwenye bunduki hakuweza kumchinja hata kuku. Panya wa jikoni aliwategea ndoo, akawabeba ndani ya mfuko mpaka kando ya mfereji, akawaachia huko akiwatolea nasaha. Mkewe aliniambia: "Panya wetu wanakwenda matembezi wanarudi. Mimi nimeshaanza kuwajua kwa sura."

"Sasa bunduki ni ya nini?" nilimuuliza mwenyewe.

Alifikiri. Alikuwa anasuka swali kwanza kabla ya kulijibu.

"Ni ya karatasi. Sijawahi kupiga kitu chenye macho. Lakini unajua, huku Uingereza kila mahali wananiuliza nimetoka wapi. Kazini, hospitali, kwenye basi. Pale uwanjani nikilala kifudifudi na ile bunduki, wananiuliza upepo unatoka wapi."

Aliyempeleka huko alikuwa fundi mwenzake wa kiwandani, Mzungu mmoja mrefu wa Kings Heath, walipokuwa wote wanachonga vyuma hapo hapo Tyseley. Ndiye aliyemfundisha kupima. Jumapili nyingi walikaa wawili chumba cha nyuma, mmoja anapima, mwingine anahakiki, hawazungumzi. Mara moja moja Mzungu alisema namba na Mwenye Nyumba aliitika. Mchana walikwenda baa ya mtaani kwa yule Mzungu. Mmoja alikunywa bia, mwingine chai, na sambusa za mke wa Mwenye Nyumba ziliwekwa katikati ndani ya karatasi ya fedha, na mwenye baa alijifanya hazioni mpaka alipoionja moja. Nilipohamia, Mzungu alikwisha kufariki. Kiti chake kilikuwa bado mezani. Hakuna aliyekikalia. Mwenye Nyumba akimaliza kupima aliligeuza lile jiwe kidogo, namba zikaelekea kile kiti, zikae hivyo kwa muda, ndipo akazima.

Bibi, ndivyo nilivyomwita mkewe, alikuwa mtu wa Unguja Mjini, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha watu. Alimpenda mumewe na alimchokoza kutwa. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa ufunguo. Sheria inataka mwenye kibali peke yake ajue ufunguo wa kabati la bunduki ulipo. Askari alipokuja kukagua kabla ya kibali kuongezwa muda, Bibi alimwekea kahawa na halua, akakaa naye uso kwa uso. Askari aliuliza kwa adabu kama yeye anajua ufunguo unakowekwa.

"Mwambie," Bibi alimwambia mumewe kwa Kiswahili, "sijui hata anapoweka soksi zake, seuze ufunguo."

Askari alipoondoka, na kipande cha halua ndani ya tishu, Bibi alinigeukia mimi.

"Unaona, mwanangu? Nimekaa na mwanamme huyu mpaka meno yananitoka, na nyumbani mwangu mna ufunguo mimi haramu kuujua."

"Ni sheria, Mama Zuhura," alisema mumewe.

"Na udi nao serikali imeukataza?"

Udi haukukatazwa na serikali. Aliukataza mumewe.

Alhamisi, magharibi ikikaribia, nyumba ya watu wetu hufukizwa. Unatia makaa mekundu katika chetezo, unaweka kipande cha udi juu, moshi ukianza kupanda unaubeba chumba kwa chumba, pazia kwa pazia, hata kabatini kwenye nguo, ili Ijumaa iikute nyumba safi. Huruki chumba. Mama yangu Tanga alikuwa akisema chumba kilichorukwa kinanuna. Lakini katika nyumba yenye baruti hakuna kaa la moto linaloingia, na Mwenye Nyumba hakuwa na ubishi katika hilo. Binti yao, Zuhura, aliwahi kuwaletea chetezo cha umeme. Bibi alikitazama huku na huku akasema, "Hii pasi." Mzee naye alisema hata hicho kinapata moto, kiondoke.

Basi kila Alhamisi Bibi alipanda mabasi mawili kwenda Great Barr kwa Zuhura, nyumba kubwa karibu na barabara kuu ya magari, akafukiza huko, akafukiza na wajukuu wanaosema "Bibi, it's too smoky," akarudi kwetu amevaa ile harufu. Nilikuwa nikimngojea. Aliketi kwenye kochi bado na buibui lake, mimi nikakaa jirani na kujifanya nasoma, na Tanga nzima ikanijia: ukumbi wa nyumbani, mikeka, sauti ya mama akiwaita watu waoge kabla ya sala. Nimeondoka huko nikiwa kijana na sijakaa mahali hata pamoja kwa furaha, lakini dakika zile za kochini nilikuwa nimekaa.

Sikuwa peke yangu. Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka, taratibu kama kawaida, Mwenye Nyumba akatokea na kuzunguka nyuma ya kochi, akainamia hapa, akainua mto pale.

"Umepoteza nini, Baba Zuhura?"

"Miwani."

"Miwani si hiyo puani kwako?"

"Aa. Kweli." Lakini hakuondoka mara moja.

Ilitokea Alhamisi ya Februari. Mvua ilikuwa imegeuka barafu njiani, mabasi yanakuja na hayaji, na goti la Bibi lilikuwa limevimba. Wiki ile alikuwa amepata habari kwamba dada yake amefariki Unguja, na safari haikuwezekana. Siku nzima alizungumza na watu wa kwao kwa simu. Mwenye Nyumba alikuwa chumba cha nyuma. Kwa kawaida Alhamisi hakupima, lakini Jumamosi ile klabu ilikuwa na mashindano ya kumkumbuka yule rafiki yake wa Kings Heath, na alitaka risasi zake ziwe sawa.

Nilikuwa ukumbini navua viatu vilivyolowa nilipousikia udi. Nilidhani natamani tu. Kisha nikamwona Bibi anatoka jikoni na chetezo mkononi, kile cha udongo cha zamani alichokuwa anakihifadhi juu ya kabati kama pambo. Midomo yake ilikuwa inasoma. Alipita sebuleni, akafukiza mapazia. Alinipita mimi, akauzungusha moshi juu ya kichwa changu bila kuniona. Nafikiri hakuwa Birmingham. Miguu yake ilikuwa inafuata vyumba vya nyumba ya mama yao. Akasukuma mlango wa chumba cha nyuma akaingia na makaa yake mekundu.

Kisahani kilikuwa na baruti. Kopo lilikuwa wazi. Nilimwona mzee akikifunika kisahani kwa kiganja kimoja na kopo kwa kingine, ameinamisha kifua juu ya vyote viwili, kama mtu anayewakinga vifaranga. Hakupiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele.

"Toka," alisema.

Neno moja, kwa sauti ya chini, bila jina, bila mama fulani. Mtu wa bara hatauelewa uzito wake sawasawa. Kwao Unguja hata mbwa wa jirani anaambiwa kwa mafumbo. Na mke wake aliambiwa vile, nyumbani mwake, na msiba wake, mbele ya mpangaji.

Bibi alirudi jikoni. Tukasikia maji na mlio wa makaa yanayozimika, na harufu ya udi ikageuka harufu ya majivu mabichi. Alivaa buibui, akaita teksi. Mwenye Nyumba alitoka baada ya kufungia kila kitu.

"Ingewaka," alisema.

"Najua."

"Ungeungua, Mama Zuhura."

"Najua. Nimesikia ulivyonionea huruma. Na mgeni naye kasikia."

Teksi ilikuja. Alhamisi ile alikwenda Great Barr na hakurudi.

Kila mtu alimpa Mwenye Nyumba haki. Zuhura alimpa haki kwa simu, watu wa klabu walimpa haki, hata mimi nilipoulizwa nilimpa, kwa sababu ukweli ni ukweli, baruti na makaa havikai chumba kimoja. Alizipokea haki zote hizo akakaa nazo jikoni, anakula pilau lake mwenyewe. "Nilikuwa na haki," aliniambia jioni moja, kama mtu anayesoma bei kwenye kopo, anashangaa imepanda hivi.

Alikwenda Great Barr. Bibi alimpokea vizuri mno. Alimwekea chai ndani ya kikombe cha wageni, chenye maua na sahani yake, akamuuliza hali ya njia. Aliporudi alinieleza juu ya kikombe kile na mkono wake ukachora maua hewani.

"Alikuambia atarudi lini?"

"Hajasema harudi. Amesema nyumba ile ina mwenyewe."

Jumapili zilizofuata mizani ilikataa kutulia. Namba zilitangatanga, hakuna treni, hakuna lori. Alibadilisha betri. Aliijaribu kwa kijiwe, akaisuta, akaizima, akaiwasha. Akaagiza nyingine ya aina ile ile, nayo ikafanya yale yale. Baruti aliyoimimina kwenye kisahani aliirudisha koponi, akaimimina tena, akairudisha. Ganda halikujazwa hata moja. Nilikuwa nikimtazama kutoka ukumbini na ghafla nikajua kwa nini ninaweza kumtazama kutoka ukumbini.

"Mzee, mlango uko wazi."

"Najua."

"Upepo wa ukumbini ndio unaochezesha namba."

"Najua, mwanangu." Hakugeuka. "Ukifungwa sisikii mlango wa mbele."

Nilikaa kwenye ngazi. Naye akaendelea kupima kitu kisichopimika, sikio moja liko barabarani.

Mimi ni mtu wa kuhama, na watu wa kuhama wana tabia ya kuondoka nyumba inaponyamaza. Nikapata kazi ya samaki Hull, baadaye Aberdeen, baadaye sijui wapi. Siku ya kuondoka alinibebea begi mpaka kituo cha basi, akanipa sambusa alizojaribu kutengeneza mwenyewe. Zilikuwa na chumvi ya kutosha bahari. Basi lilipofika, watu wakisukumana mlangoni, alinirudisha nyuma kwa kiwiko. "Wapishe," alisema. "Litakubeba tu." Kila nilikolala tangu hapo nilifunga mlango kwa kuusindikiza, na wenye nyumba wangu wapya walidhani mimi ni mtu wa kunyemelea.

Mwaka huu, majira ya kuchipua, nilipita Birmingham nikiwa safarini kwenda kwingine. Nilikuwa na masaa ya kupoteza kati ya basi na basi. Miguu ilinipeleka Tyseley bila kuniuliza. Ilikuwa Alhamisi, alasiri.

Alinifungulia mwenyewe. Amekonda, na amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, siku isiyo ya Ijumaa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, marahaba. Ingia, funga taratibu. Umekuja siku mbaya. Siku nzuri. Sijui bado."

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Pale ukutani lilipokuwa kabati la chuma palikuwa na mashimo ya bolti yaliyozibwa kwa plasta nyeupe ambayo haijapakwa rangi. Bunduki zilikuwa zimekwenda kwa watu wa klabu wenye vibali, baruti nayo, makopo yote. Kibali alikirudisha polisi kwa mkono wake. Alinieleza hayo haraka, kama mtu anayehesabu vyombo vilivyooshwa. Meza ilikuwepo, na jiwe, na kiti cha Mzungu. Na mizani, imewashwa, inapata akili. Kwenye kisahani palikuwa na kipande cha udi.

"Anakuja," alisema. "Zuhura anamleta. Hajasema anakaa. Amesema anakuja kutazama pazia."

"Na huu udi?"

Aliona haya kidogo. Alikuwa amemuuliza Zuhura mama yake anatia udi kiasi gani, na Zuhura akamjibu kwamba mama hapimi, anachukua tu kwa vidole. Basi akamwomba, Alhamisi moja mama akishachukua, aseme anamshikia, aufunge ndani ya tishu, amletee. Zuhura alicheka mpaka akalia, lakini alileta. Mzee alikuwa ameupima. Alikuwa ameujua uzito wa vidole vya mkewe mpaka sehemu ya kumi ya greni.

"Sasa nausawazisha wangu uwe kama wake," alisema, na kwa kisu kidogo akakwangua kipande kile, unyuzi mmoja, akatazama namba. Unyuzi mwingine. Treni ikapita. Akauinua mkono. Tulingoja wote wawili.

Makaa aliyawasha uani nyuma, kwa adabu zote za mtu aliyeogopa moto maisha yake. Kengele ya moshi ya ukumbini aliivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Kisha akasimama katikati ya sebule na chetezo mkononi, moshi unampanda usoni, machozi yanamtoka, hajui aanzie wapi, na tukasikia gari linasimama nje.

Bibi aliingia na mkongojo. Nilimpa shikamoo, akanishika kichwa kama niliyekwenda dukani tu. Hakumtazama mumewe. Alisimama, akainua pua.

"Umezidisha," alisema.

"Haiwezekani!" Sauti ilimpanda mara ya kwanza tangu nimjue. "Ni kipimo chako wewe mwenyewe. Nimekipima. Muulize Zuhura."

"Kumbe mie nimeibiwa udi wangu!" alisema Bibi, na Zuhura mlangoni akaziba mdomo. Bibi alimsogelea mumewe, akatazama ndani ya chetezo. "Kipimo changu cha Great Barr hichi. Ile nyumba kubwa, ina vyumba vya kupoteza watu. Hii ndogo. Mizani yako haina habari na nyumba?"

Mzee alisimama tu na moshi wake.

"Lete," alisema Bibi.

Akakichukua chetezo. Kwa vidole, bila kuungua, akakiondoa kipande cha udi, akakivunja, akarudisha nusu. Moshi ukapungua, ukanyooka, na ndipo harufu yenyewe ilipokuja, ile yenyewe, na mimi nikashika ukingo wa kochi. Akaanza na mapazia, akiyalaumu kwa vumbi. Akapanda juu, mkongojo ngazi kwa ngazi, hakukubali kushikwa, akashuka. Akaja ukumbini. Mlangoni mwa chumba cha nyuma akasimama.

Mzee alikuwa amesimama katika mlango ule ule. Sijui alifikaje pale. Nafikiri ni mazoea.

"Humo mna nini?" aliuliza Bibi.

"Hamna kitu. Meza. Na kiti cha marehemu."

Bibi hakusogea. Makaa yalikuwa mekundu mkononi mwake. Alikuwa anamtazama sasa, tangu aingie ndiyo mara ya kwanza, na hakumsaidia hata kidogo. Mzee akabandua mgongo wake kwenye fremu ya mlango, akausukuma mlango mpaka ukutani, akasogea pembeni. Akampisha.

"Pita, Mama Zuhura," alisema. "Nyumba yako."

Akapita. Kwanza alikifukiza kile kiti, mgongo wake na mikono yake, taratibu, kama anayemvisha mtu koti. Nje treni ile ndefu ikaja, vioo vya dirisha vikatetemeka. Namba za mizani zikacheza juu ya jiwe, zikapanda, zikashuka. Hakuna aliyengoja zitulie.